Bendera Ambayo Don Eleuterio Hakuipandisha

Sisi watu wa kilimani hatuna adabu, na hilo naliweka wazi mapema ili msije mkasema nimemsingizia mtu. Mtu akiteleza kwenye ngazi zetu siku ya mvua, tunacheka kwanza, kumwinua ni baadaye. Ndivyo tulivyomfanyia don Eleuterio Cárcamo miaka yote ile, na kama kuna dhambi katika habari hii, basi fungu letu limo.

Kazi yake ilikuwa kuangusha Bonge. Bonge lilikuwa tufe kubwa jeusi la turubai lililowambwa juu ya fito za chuma, likipandishwa kwa kamba kwenye mlingoti juu ya paa la kituo cha nyota, mahali ambapo merikebu zote za bandari ya Valparaíso ziliweza kuliona. Saa sita kasoro dakika tano analipandisha mpaka nusu ya mlingoti. Kasoro dakika mbili analifikisha kileleni. Saa sita kamili anavuta wenzo, Bonge linashuka puu, na kule chini kila nahodha aliyeshika darubini anairekebisha saa yake ya safari. Mabwana wa kituo ndio waliozipima nyota ili waijue saa. Lakini aliyeitoa nje saa hiyo ikawafikia watu ni don Eleuterio, mtu wa kisiwani Chiloé, aliyeacha shule akiwa darasa la pili.

Alifanya hivyo miaka ishirini na sita. Mama zetu walitia viazi chunguni kwa Bonge. Shule ilifunguliwa milango kwa Bonge. Hata padre, ambaye alikuwa na saa ya dhahabu, alikuwa akichungulia dirishani kwanza ndipo apige kengele.

Sasa, ikitokea Bonge limeanguka si kwa wakati wake, kituo kilikuwa na sheria moja tu. Bendera nyekundu ipandishwe kwenye mlingoti uleule kabla ya dakika kumi kupita, na Bonge liangushwe upya saa saba. Ile bendera ilikuwa inawaambia wenye merikebu: tumekosea, msiifuate saa hii, subirini. Kwa miaka ishirini na mitano don Eleuterio aliipandisha mara moja, tena kwa sababu ya dhoruba. Halafu ukaja mwaka wa 1908, akaipandisha mara mbili katika msimu mmoja. Aprili kamba ilikwama. Mei wenzo uliponyoka mkononi mwake kabla ya saa.

Loo! Hatukumpa nafasi ya kupumua. Doña Clorinda muuza samaki alisimama katikati ya njia akapaza sauti: "Don Eleuterio, nikukaangie sasa hivi au nisubiri saa saba?" Kinyozi akatoka na wembe wake: "Mzee, nina mteja humu nimemnyoa nusu kichwa, ananiuliza amaliziwe kwa saa ipi!" Na mimi nilicheka, sikatai. Yeye alikuwa akicheka pamoja nasi, akinyanyua kofia, kisha anafika nyumbani na kusukuma sahani pembeni. Mkurugenzi, don Abelardo, hakucheka hata kidogo. Alimwambia: "Bendera ya tatu mwaka huu, don Eleuterio, na uniletee funguo mezani." Na nyumba aliyokaa na mkewe, ndani ya uwanja wa kituo, ilikwenda pamoja na funguo hizo.

Lakini niwaambie ukweli. Funguo hazikumuuma sana. Mtu huyu aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa njaa, na sisi tulijua, ndiyo maana tulicheka.

Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki kati ya wanne, Nolasco, kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mpole, aliyeingia baharini kama mfagia sitaha na kujisomesha mpaka akawa msaidizi wa nahodha. Julai ile alikuwa kwenye merikebu ya matanga iitwayo Filomena, iliyopakia unga na mishumaa ya kupeleka Punta Arenas. Kazi ya kutunza saa ya merikebu na kupima mahali walipo ilikuwa yake. Na saa hiyo ilikuwa imetoka kwa fundi juzi tu, imesafishwa, inasubiri kuwekwa sawa. Ila ukungu ulikuwa umefunika mji siku tisa mfululizo. Bonge lilipanda na kushuka humo ndani ya ukungu na hakuna aliyeliona.

Siku ya kumi, Jumanne, kukapambazuka kweupe. Filomena ilikuwa ing'oe nanga siku hiyohiyo mchana.

Doña Zunilda, mkewe, alimkuta mumewe asubuhi amepiga magoti anasugua wenzo kwa kitambaa na mafuta.

"Mwanao anaondoka leo na wewe unang'arisha chuma," akamwambia, akimpa maandazi ya boga kwenye kitambaa.

"Naking'arisha kwa sababu anaondoka leo. Leo Nolasco anachukua saa kwangu."

"Basi mpe mbichi, usimpe iliyochacha."

"Zunilda!"

"Nakutania, mume wangu. Lakini leo ukimpandishia mtoto bendera mbele ya wenzake, mimi nahama, nakwambia, narudi kwa dada yangu Quillota." Akacheka, akampangusa unga kwenye masharubu. Yeye naye akacheka. Walikuwa watu wanaopendana, msidhani vinginevyo.

Ilipofika saa tano na dakika ishirini don Eleuterio alikuwa juu ya paa na darubini ya mkono. Aliitafuta Filomena katikati ya merikebu nyingine, akaipata, akamwona Nolasco kwenye sitaha amevaa kofia mpya, ameinamia sanduku la saa. Alimwona mpaka kola ya koti lake. Ndipo ardhi ikatikisika.

Lilikuwa tetemeko dogo, la kuchezesha vikombe kabatini. Sisi, tangu lile kubwa la mwaka wa 1906 lililotuulia watu na kutubomolea mji, hatuinuki kwa haya madogo. Anayekimbilia nje kwa tetemeko dogo kwetu huitwa mgeni mpaka afe, hata kama amezaliwa hapa. Don Eleuterio hakuiondoa darubini jichoni. "Kikohozi hicho," akajisemea, na akaendelea kumtazama mwanawe.

Ila sheria ya kituo haikujua kikohozi. Baada ya kila tetemeko, dogo au kubwa, mtu wa Bonge alitakiwa ashuke ngazi hamsini na tatu hadi kwenye chumba cha chini, ambako saa kuu ilisimama juu ya nguzo iliyochimbiwa kwenye mwamba, ailinganishe na saa ya mnarani aliyoangushia Bonge. Aliijua sheria hiyo. Alikwisha kushuka mara nyingi tangu lile kubwa, magoti yakimlilia, na kila mara alizikuta saa mbili zinakubaliana. Basi leo akasema nitashuka baadaye. Leo alitaka kumtazama mtoto wake, na nani angemlaumu? Mimi simlaumu kwa hilo. Lawama yangu iko mbele.

Saa sita kasoro dakika tano, Bonge nusu. Kasoro mbili, Bonge juu. Mkono wa sekunde ukazunguka, akavuta wenzo, Bonge likashuka laini kabisa. Akakimbilia darubini. Nolasco aliinua mkono juu, akaushusha, maana yake nimeipata. Mzee akatokwa na machozi peke yake juu ya paa.

Halafu akashuka chumba cha chini kuandika ulinganisho wa kila siku. Akatazama saa kuu, akatazama saa ndogo ya mfukoni aliyoiweka sawa na ile ya mnarani. Akatazama tena. Alipanda mpaka juu, akarudi chini, mara ya pili, jasho linamtoka. Hapakuwa na kosa la macho. Tetemeko lilikuwa limeirusha saa ya mnarani mbele kwa sekunde ishirini na mbili. Bonge lilikuwa limeanguka mapema.

Ninyi mnaokaa nchi kavu mtasema, sekunde ishirini na mbili ni nini? Kwa mwenye merikebu saa ndiyo inayomwambia yuko umbali gani na nchi kavu. Kule kusini, sekunde hizo ni kama maili tatu na nusu za bahari. Saa ikikimbia mbele, msafiri anadhani yuko mbali na miamba, kumbe yuko karibu nayo. Don Eleuterio alikuwa hajui hesabu nyingi, lakini hiyo aliijua.

Alifika juu ya paa saa sita na dakika sita. Akafungua sanduku la bendera, akafunga pembe moja kwenye kamba. Kule chini njiani doña Clorinda aliangua kicheko, Mungu anajua alikuwa anacheka nini, labda bei ya samaki. Mkono wa mzee ukasimama. Akamfikiria don Abelardo na meza yake. Akamfikiria mkewe akicheka leo asubuhi. Akamfikiria Nolasco amesimama katikati ya mabaharia, kofia mpya kichwani, na wote wanatazama juu kilimani, mmoja anamwambia: baba yako huyo! Dakika ya saba. Dakika ya nane.

Ndipo likamjia wazo aliloliona la busara. Merikebu nyingine zote zilikuwa bado na siku mbili tatu za kukaa bandarini. Kesho zingepata saa sahihi, yaishe. Inayoondoka leo ni Filomena peke yake. Basi kwa nini autangazie mji mzima? Atashuka mwenyewe amnong'oneze mwanawe sikioni: rudisha nyuma sekunde ishirini na mbili. Akaifungua bendera kwenye kamba, akaikunja vizuri, akafunga sanduku. Kwenye daftari la kituo akaandika: Bonge limeanguka sawa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa aliyekufa hakuwa mficha maradhi.

Aliteremka kwa kigari cha kamba, akakimbia gatini, akamwomba mpiga makasia mmoja ampeleke mbio. Walipofika ubavuni mwa Filomena, boti la kuvuta lilikuwa tayari limeshafunga kamba yake. Nolasco akamwona, uso ukamng'aa.

"Mzee! Umekuja kuniaga hadi huku! Nahodha, njoo umwone, huyu ndiye mwenye Bonge!"

Nahodha akaja ukingoni, mtu mnene, akavua kofia. "Don Eleuterio, heshima yako. Saa yako tumeshaiweka sandukuni."

Mabaharia nao wakajaa ukingoni. Mpishi, Rosamel, kijana mcheshi wa kilimani kwetu, akapaza sauti: "Mzee, leo kitambaa chekundu vipi? Kimeliwa na panya? Wenzangu hapa walikuwa wamekingojea!"

Wote wakaangua kicheko. Nolasco hakucheka. Aliwageukia wenzake, masikio yamemwiva. "Chekeni mnachotaka, lakini hilo basi. Leo baba ameiangusha saa kwa mkono wake na mimi nimeipokea kwa wangu. Nani kati yenu anaweza kusema hivyo?"

Mmoja akasema, kweli bwana, pole.

Don Eleuterio alisimama kwenye kimashua kinachoyumba, ameshika kamba. "Nolasco," akasema. "Shuka kidogo mwanangu. Nina neno nawe."

"Siwezi, mzee, ngazi wameshaipandisha. Sema tu, nakusikia."

Sema tu. Nyuso kumi na nane zilikuwa zinamtazama, na ya mwanawe katikati, imejaa fahari. Mzee alifungua kinywa. Mpiga makasia aliyekuwa naye alikuja kutuambia baadaye kwamba alidhani mzee amepatwa na kiharusi, maana midomo ilicheza na sauti haikutoka.

"Funga koo," akasema mwishowe. "Kusini kuna baridi."

"Nitafunga, baba!"

Boti likapiga honi, kamba ikakaza, Filomena ikaanza kuondoka. Aliifuata kwa macho mpaka ikatandaza matanga. Alirudi nyumbani kwa miguu, ngazi zote, akamwambia mkewe kwamba mtoto ameondoka vizuri.

Tangu hapo alikuwa akijihesabia visingizio, asubuhi moja na jioni kingine. Nahodha ni mzoefu. Bahari ni pana. Nolasco ataupima mwezi angani, atagundua. Na wakati mwingine alijiambia kwamba hata angetaka kusema, sasa atasema na nani? Simu za waya zinafika Punta Arenas, haziifikii merikebu iliyo katikati ya maji. Alikonda. Tukadhani anamkumbuka mtoto. Alikuwa akiangusha Bonge kila siku kwa wakati wake, sawasawa, hajakosea hata mara moja tena.

Habari ilifika Agosti. Filomena ilipanda mwamba kwenye ukungu, karibu na lango la mlango-bahari uendao Punta Arenas, kumepambazuka. Kati ya watu kumi na wanane waliopona ni wanne. Nolasco hakuwamo.

Sisi tusio na adabu tulipanda hadi nyumbani kwao kimya kimya, na mikate na supu, tukakaa nao. Doña Clorinda alimshika mzee mikono yote miwili akamwambia: "Saa ulimpa njema, don Eleuterio. Ubaya ni wa bahari." Mzee akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Tukasema ni uchungu, na tukazidi kumpa maneno yaleyale, kila mmoja kwa zamu yake, tukidhani tunamfariji.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa don Abelardo, akasimama mbele ya meza, akasema yote: tetemeko, ngazi hamsini na tatu, bendera. Mkurugenzi akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa umeandika limeanguka sawa. Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Basi limeanguka sawa. Umefiwa, don Eleuterio, na mfiwa husema mengi. Kituo hiki hakiwezi kuanza kukanusha daftari zake kwa sababu ya huzuni. Nenda kapumzike siku tatu."

"Nimeleta funguo, bwana."

"Chukua funguo zako. Nani mwingine ataliangusha?"

Akazichukua. Alikuwa amejikaza kupata adhabu, hata hiyo akanyimwa.

Septemba akaja Rosamel, yule mpishi. Alikuwa mmoja wa wale wanne. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikatwa kwa sababu ya baridi, na ucheshi wake wote ulikuwa umekwisha. Doña Zunilda alimkalisha mezani, akampa chai, akamkatia mkate, kwa sababu kijana huyo ndiye mtu wa mwisho kumwona mwanawe.

"Nimekuja kuwaambia jambo, mama," Rosamel akasema. "Nimeona si haki nikae nalo. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, hatuoni hata mlingoti wa mbele. Nahodha akasema, tugeuze tutoke nje, mimi nasikia harufu ya nchi kavu. Nolasco akasema hapana, kwa hesabu yake tuko nje vya kutosha, bado tuna zaidi ya maili tatu. Wakabishana. Nahodha akamuuliza, una hakika gani na hiyo saa, ilikuwa kwa fundi juzi? Nolasco akamwambia, saa hii nimepewa na baba yangu. Basi. Nahodha akamtazama, akasema haya, twende. Alikufa anamwamini baba yake, mama. Si kila mzee anapata mtoto wa namna hiyo. Ni jambo la kujivunia."

Doña Zunilda alikuwa analia na kutabasamu pamoja. Akanyoosha mkono kumshika mumewe. Mumewe akauondoa mkono wake mezani.

"Liliwahi," akasema.

"Nini kiliwahi?" mkewe akauliza.

"Bonge. Siku ile. Liliwahi kuanguka sekunde ishirini na mbili. Nilijua kabla hawajaondoka. Nilikuwa na bendera mkononi nikaikunja."

Rosamel akaweka kikombe chini. "Lakini mzee, ulikuja. Ulikuja mpaka ubavuni mwetu."

"Nilikuja kumwambia."

"Na mimi nikakutania kitambaa." Kijana akaufunika uso kwa ule mkono wenye vidole viwili. "Ee Mungu wangu. Mimi nikakutania."

"Si wewe, mwanangu. Mimi niliogopa kuchekwa. Ndiyo hilo tu, hakuna lingine. Niliogopa wasije wakanicheka mbele yake."

Doña Zunilda hakupiga kelele. Alikuwa hajui kusoma saa. Miaka yote aliishi kwa Bonge kama sisi. Akafuta macho kwa aproni, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sekunde moja ni kiasi gani?"

Akauliza tena. Ndipo don Eleuterio akagonga meza kwa kidole, mara moja, akangoja, akagonga tena, kwa mwendo aliofundishwa kituoni miaka ishirini na sita nyuma. Doña Zunilda akasikiliza mpaka akaushika mwendo, kisha akaanza kuhesabu kwa mdomo, akigonga na yeye.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Alipofika kumi na moja mumewe alimsihi aache. Hakuacha. Alihesabu zote, hakuruka hata moja, akimtazama usoni. Alipomaliza aliweka mikono mapajani.

"Nyingi hizo," akasema. "Ungemwambia yote ndani ya hizo, Eleuterio, na bado zingebaki."